Saa ya Insha na Maji ya Mwalimu Mkuu

Daftari langu la insha la darasa la sita lilianza hivi: "Mimi ni mvulana wa miaka kumi na mitatu. Siku moja baba yangu alinichukua kwenda Nairobi kwa gari moshi." Ndivyo nilivyoandika, kwa mkono wangu mwenyewe, kwa wino. Mimi ni mwanamke, nilizaliwa hivyo, na gari moshi wakati huo nilikuwa sijaliona hata kwa mbali. Baba yangu naye hakuwahi kupita Mombasa. Lakini insha ile ilipata alama kumi na tano kwa ishirini, na neno "Vizuri" kwa wino mwekundu, na hakuna mtu pale shuleni aliyeniuliza ni lini nimegeuka mvulana.

Wajukuu wangu nikiwasimulia haya wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mimi nimejaribu kucheka pamoja nao, nimeshindwa.

Shule yetu ilikuwa upande wa Munje, karibu mno na bahari, hata kisima chake kikatoa maji ya chumvi. Maji hayo yalifaa kuoshea sakafu za madarasa, basi. Ya kunywa na ya kupikia yalikuwa kwenye kisima cha maji baridi, yasiyo na chumvi, ng'ambo ya mashamba ya minazi, na huko palikuwa ni mwendo. Mwalimu mkuu aliishi palepale shuleni, katika nyumba yenye mapipa mawili nyuma ya jiko. Mapipa yale yalijazwa kila Jumanne na Alhamisi, na waliokuwa wakiyajaza ni sisi wasichana wa darasa langu, kumi na mmoja kwa jumla. Siku hizo mbili vipindi vya mwisho vilikuwa vya insha. Mwalimu mkuu aliona kwamba hesabu mtu akiikosa imempita, lakini insha anaweza kuinakili baadaye kwa mwenzake.

Na kweli, insha wakati ule ilikuwa kazi ya kunakili tu. Mwalimu aliandika insha nzima ubaoni, wavulana wakaiandika kwenye madaftari, wakaikariri, wakaitapika siku ya mtihani. Sisi tulirudi kutoka kisimani kengele ya kwenda nyumbani inalia, shingo zimekakamaa, migongo ya magauni imelowa. Jioni nilikwenda kwa mtoto wa ami yangu, tuliyekuwa naye darasa moja, nikanakili alichonakili yeye. Aliandika "mvulana", nikaandika "mvulana". Sikudhani nina ruhusa ya kubadilisha neno. Kubadilisha neno lilikuwa kosa, na kila kosa lilikuwa na fimbo yake. Wenzangu kumi walifanya vilevile, kila mmoja kwa kaka au jirani yake. Kwa hiyo darasa letu lilikuwa na wavulana watupu waliopanda gari moshi kwenda Nairobi, wote wakaona twiga dirishani, wote wakanunuliwa ndizi na baba zao.

Uhuru ulikuwa umekwisha kuja. Bendera mpya tuliipandisha kila asubuhi, tukaimba, na wakubwa waliokuja kutuhutubia walituambia kwamba ujinga ni adui wa taifa na kila mtoto ni askari wa kupigana naye. Mimi nilisimama juani nikaamini. Hakuna aliyetuambia kwamba askari wengine watatumwa maji vita vikiendelea.

Tulipoingia darasa la saba, darasa la mtihani, akaja mwalimu mpya wa Kiswahili. Alikuwa kijana mwembamba wa Kinango, na lafudhi yake ya bara kavu wavulana waliiigiza tangu siku ya kwanza. Jumanne yake ya kwanza alikuta madawati ya wasichana matupu, akakusanya kabatini madaftari yao yote ya mwaka uliopita akaenda nayo kwake. Jumatano asubuhi akaingia, akafungua la juu, na kwa bahati yangu mbaya lilikuwa langu. Akasoma mstari wa kwanza kwa sauti.

"Mvulana huyu asimame," akasema.

Nikasimama. Darasa lilivunjika kwa kicheko, na wasichana walionicheka hawakujua kwamba zamu yao inakuja.

"Haya nani amekuandikia?"

"Nimeandika mwenyewe, mwalimu."

"Mbona umeandika kwamba wewe ni mvulana?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Imeandikwa wapi?"

Nilimchukia mtu yule kwa chuki safi kabisa. Akafungua daftari la pili, la tatu, mpaka la kumi na moja, akatusimamisha mmoja baada ya mwingine, na kicheko kikapungua kadiri tulivyozidi kusimama. Mwisho akauliza jana tulikuwa wapi. Akajibu mtoto wa ami yangu, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja rangi ya mbuzi: "Walikuwa kisimani, mwalimu. Wanamtekea mwalimu mkuu maji."

Mwalimu hakucheka. Mtu wa Kinango hacheki maji. Huko kwao mvua ikikataa, mama huamka jogoo hajawika akarudi jua liko utosini, na debe moja tu kichwani. Alituuliza kisima kiko wapi, tunakwenda mara ngapi, debe linajaa au nusu. Kisha akageuka akaandika ubaoni: "Wasichana kumi na mmoja wa darasa hili wameandika kwamba wao ni wavulana. Kwa nini?" Akaweka chaki, akaenda kukaa dawati la nyuma kabisa.

Tulingoja. Tulidhani atainuka aandike jibu ili tulinakili. Hakuinuka.

Hiyo ndiyo iliyokuwa njia yake, na baadaye tulisikia ndiyo waliyofundishwa huko chuoni kwao. Insha haikuanza na maneno mazuri ya kuazima, ilianza na tatizo. Tatizo liwe la kweli, lililo mbele ya macho yenu. Mkalitazame, mkaulize, mkapime, mbishane, ndipo muandike, tena mumwandikie mtu anayeweza kulitatua. Kwa maneno ni kitu kidogo. Kwa watoto waliozoea kulishwa kama makinda, ilikuwa mateso.

Na watu wasikudanganye kwamba wanafunzi waliipenda. Wavulana waliiona ni uvivu wa mwalimu. "Mwalimu gani huyu anauliza kitu asichokijua?" walisema wakati wa mapumziko. Mmoja, aliyekuwa akiongoza darasa, alilia machozi kwa sababu insha zake za kukariri zilikuwa ishirini na mbili na hakuna hata moja iliyofaa tena. Mama yangu nilipomweleza alisita na mwiko mkononi. "Kwani serikali imemleta atuulize sisi tuna shida gani? Haya, si atazame tu!" Mimi mwenyewe niliumwa kichwa wiki ya kwanza. Ukiandika gari moshi, unamaliza unafunga daftari. Tatizo la yule mwalimu unalifunga shuleni, unalikuta limekaa nyumbani linakungoja.

Lakini tulilifanya. Alhamisi iliyofuata tulikwenda kisimani kama kawaida, ila safari hii mwenzangu wa dawati alihesabu hatua kwenda na mimi nikahesabu hatua kurudi. Za kurudi zilikuwa nyingi zaidi, kwa sababu mwenye debe kichwani huchukua hatua fupi. Jambo hilo nilikuwa nimelifanya miaka miwili bila kulijua. Tuliandika pia kwamba tulitoka kengele ya insha ilipolia na tukatua madebe kengele ya mwisho ilipolia, kwa hiyo hakubaki hata mstari mmoja wa insha. Wavulana nao walipewa kazi ya kufuatilia maji yakishafika: yanakwenda wapi? Walikwenda wakinung'unika. Wakarudi na habari ya mapipa yale mawili.

Pipa moja lilikuwa la kunywa, la kupikia na la kuogea. Pipa la pili lilikuwa la mchicha. Mwalimu mkuu alikuwa na matuta ya mchicha nyuma ya nyumba, na mchicha haupendi maji ya chumvi. Nusu ya maji tuliyobeba vichwani, saa zote zile za insha, yalimiminwa kwenye mboga.

Siwezi kueleza hasira niliyokuwa nayo. Ningeambiwa maji yale anayanywa mgonjwa, ningebeba. Ningeambiwa anakunywa mwalimu mwenyewe, ningebeba vilevile, maana tulilelewa kumheshimu mwalimu kama mzazi na hata leo sijui kumpita mtu mzima bila kumwamkia. Lakini mchicha! Nilikuwa mvulana wa miaka kumi na mitatu kwa ajili ya mchicha.

Basi tukamwandikia mwalimu mkuu barua. Tuliiandika darasa zima, tukabishana kila sentensi. Tulimwamkia kwanza, tukamwombea afya yeye na ahali yake, kisha tukasema tatizo, kisha tukaleta njia tatu. Ya kwanza, paa jipya la mabati ambalo wazazi wamelijenga kwa harambee liwekewe mlizamu wa kukinga mvua, na pipa chini yake, maji hayo yawe ya mchicha. Ya pili, kila atokaye upande wa kisima cha maji baridi aje na kibuyu kimoja asubuhi. Ya tatu, wavulana na wasichana wateke kwa zamu, kabla ya kengele ya kwanza. Hii ya tatu ilitaka kuvunja darasa. "Mwanamume abebe debe kichwani?" alisema mtoto wa ami yangu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa avae kanga. Mkuki kwa nguruwe. Mwisho walikubali kwa sharti kwamba wao watabeba kwa baiskeli, ingawa baiskeli yenyewe darasani ilikuwa moja, tena haina breki.

Mwalimu wetu aliipeleka barua. Siku ya pili yake, kwenye mstari wa asubuhi, bendera haijafika juu vizuri, mwalimu mkuu alituambia, kwa ule upole wake wa mtu wa pwani asiyepandisha sauti, "Wanangu, shule si baraza. Hapa mmekuja kufundishwa. Atakayetaka kunishauri, na amalize shule kwanza, avae suruali ndefu, ndipo aje." Wavulana walitazama kaptura zao. Sisi tulitazama chini, maana hata tungemaliza shule, suruali ndefu tungeitoa wapi? Alhamisi tukaenda kisimani.

Mwalimu wa Kinango hakuacha. Alihamisha kazi yake kwenye vipindi vya sarufi, asubuhi, tulipokuwapo. Tukaandika tatizo la daraja la miti lililooza, tukaandika tatizo la nyani wanaokula mahindi, tukamwandikia chifu, na chifu akajibu, na ile karatasi yenye mhuri tuliizungusha darasa zima tukaigusa. Kidogo kidogo kichwa kikaacha kuuma. Nilianza kuandika nikasikia sauti, na sauti yenyewe ikawa yangu. Watoto wa leo wana maneno mengi ya kueleza jambo hili. Mimi nasema tu kwamba nilikuwa na miaka kumi na minne, na kwa mara ya kwanza niliandika "Mimi ni msichana", na kalamu haikuvunjika.

Muhula wa pili ikaja habari kwamba mkaguzi anakuja kutoka Kwale. Alikuwa Mwafrika, wa kwanza kukalia kiti kile tangu mzungu aondoke, na sifa zake zilimtangulia. Alikuwa amesikia habari za njia mpya, anataka kujua kutoka kwa wanafunzi wenyewe wanaionaje. Alitaka maoni yetu! Siku hizo maoni ya mtoto hayakuombwa hata kuhusu ugali. Nililala nikiyapanga maneno.

Asubuhi ile mwalimu mkuu alimtuma mwalimu wetu akashike darasa la nne. Kisha akatutazama sisi wasichana, akatabasamu. "Leo tuna mgeni. Mapipa yajae mapema, maji ya chai na ya kupikia yawe baridi, mazuri. Nendeni, wanangu, mgeni njoo, mwenyeji apone." Tukabeba madebe. Asiyekuwapo na lake halipo, na sisi letu lilikuwa linapikwa nyuma ya migongo yetu.

Yaliyotokea huko nyuma niliyapata baadaye kwa mtoto wa ami yangu. Mwalimu mkuu aliingia darasani, akachukua chaki, akaandika maoni ya wanafunzi. Aliyaandika yote, tangu salamu mpaka kikomo: "Sisi wanafunzi tunaona njia hii mpya inapoteza wakati wetu. Mwalimu ndiye mwenye elimu, nasi hatuna. Tunaomba turudishiwe insha za mfano." Akawapa wavulana nusu saa wayakariri. Ngurumo ya gari ilipolia njia ya minazini, akafuta ubao kwa mkono wake.

Alitusahau, na mpaka leo nikilikumbuka hili napata raha kidogo. Mtu yule alipanga kila kitu, akasahau kwamba wasichana kumi na mmoja wako kisimani. Alikuwa amezoea sana kutotuona darasani. Sisi tulifika tukiwa tumelowa, majani ya mkorosho bado yanaelea kwenye madebe, tukayamimina mapipani, na mkaguzi aliyekuwa amesimama mlangoni mwa darasa na karatasi mkononi akatuona. "Na hawa je? Si wa darasa hili? Ingieni, ingieni, kila mmoja achukue karatasi." Akaketi kiti cha mwalimu, akatukodolea macho mpaka tukamaliza. Hakuna mvulana aliyethubutu hata kukohoa.

Niliyoandika nayakumbuka, kwa sababu nimeyarudia kichwani miaka yote hii. Yalikuwa hivi:

"Mimi ni msichana wa miaka kumi na minne. Njia hii mpya mwanzo sikuipenda. Mwalimu anauliza na hajibu, na kichwa kinauma. Insha ya zamani inamalizika upesi, hii haimaliziki. Lakini kwenye insha ya zamani mimi nilikuwa simo. Sasa nimo. Leo nimechelewa kuingia kwa sababu nilikwenda kuteka maji ya chai yako, bwana mkaguzi, kwa hiyo kama kulikuwa na maelezo sikuyasikia. Ombi langu ni moja. Tusipelekwe kisimani saa ya insha."

Mkaguzi alizichukua karatasi akaenda nazo kwa mwalimu mkuu, akanywa chai, akala wali na kuku na, naapa, mchicha. Alasiri akarudi darasani, mwalimu mkuu akiwa nyuma yake amefumbata mikono.

"Wavulana ishirini na watatu," akasema mkaguzi, "na maoni mamoja. Hata penye kosa, mmekosea pamoja." Wavulana wakainamisha vichwa. "Na wasichana kumi na mmoja, kila mmoja na lake. Mmoja wenu anasema ubao ubandikwe karibu na dirisha. Mwingine anasema mwalimu acheke kidogo. Yuko wapi aliyeniandikia habari za chai?"

Nikasimama.

"Chai nimekwisha kuinywa, binti yangu. Ilikuwa tamu. Ahsante." Darasa likacheka, naye akacheka, kisha akamgeukia mwalimu mkuu. "Bwana mkubwa, saa ya insha wasichana hawa wawe darasani. Unaonaje?"

"Bila shaka, bwana. Umesema kweli kabisa," akasema mwalimu mkuu, na akainama kidogo.

Mkaguzi akaingia ndani ya gari lake, vumbi likatimka. Sisi wasichana tulikimbia mpaka nyuma ya jengo tukakumbatiana. Mwenzangu wa dawati alipiga kigelegele, kigelegele cha harusi hasa, akafumbwa mdomo. Mwalimu wa Kinango alipotoka darasa la nne tulimzunguka tukamweleza, na meno yake yote yalionekana, jambo ambalo hatukuwa tumeliona. Nyumbani nilimwambia mama yangu kwamba nimeandika neno moja na wakubwa wamelitii. Mama akaniangalia, akasema, "Mmeshukuru? Haya, shukuruni, lakini msicheze ngoma kabla ya kuona mwali." Nilimwona ana roho ngumu.

Jumatatu ratiba mpya ilibandikwa mlangoni. Insha ilikuwa palepale, Jumanne na Alhamisi, na chini yake kumeandikwa kwa mwandiko mzuri, "Wote." Tuliisoma mara mbili. Hatukutazama mistari mingine, na tungeitazama tungeona nini? Ilikuwa ratiba tu. Kengele ya hesabu ilipolia, kipindi cha kabla ya mapumziko, mwalimu mkuu aliingia. Hesabu ya darasa la saba alikuwa akifundisha yeye. Akaweka rula mezani.

"Wasichana," akasema kwa upole uleule, "madebe yako mahali pake. Kwa kuwa kipindi hiki ni kifupi, itakuwa debe moja moja kila siku, na mtatumia na mapumziko. Saa ya insha mmerudishiwa."

Mmoja wetu alijaribu. Alisema, "Mwalimu, lakini bwana mkaguzi alisema..."

"Bwana mkaguzi alisema insha. Wewe umemsikia amesema hesabu?"

Hakuwa amesema hesabu. Wala mimi sikuwa nimeandika hesabu. Hapo ndipo hasira yangu inaponigeukia mimi mwenyewe, maana ombi lile niliandika mimi, tena nikajisifu kwamba ni moja. Mwalimu wetu alikuwa ametuuliza kwa nini tumekosa insha, nasi tukaomba insha. Hakuna aliyetuuliza kwa nini debe limekaa kichwani petu badala ya kichwa kingine. Barua ya kwanza, ile ya zamu na mlizamu, ilikuwa imegusa jambo lenyewe, na ilikuwa ndani ya saraka ya meza ya mwalimu mkuu. Mbele ya mkubwa mimi niliogopa, nikapunguza. Niliomba kidogo ili nisikataliwe, nikapewa kilekile kidogo.

Mwalimu wa Kinango alikwenda ofisini na mlango ukafungwa. Tulisikia sauti moja tu iliyopanda, ya kwake. Akajaribu kutufundisha hesabu Jumamosi chini ya ukingo wa paa, lakini alikuwa mtu wa lugha, migawanyo mirefu ilimshinda yeye kwanza kabla ya kutushinda sisi, na mara nyingine alikaa akiitazama namba kama mtu aliyepewa sahani isiyo yake. Jumamosi nne tulikwenda hivyo. Muhula wa tatu haujaanza, akapewa uhamisho wa kwenda Taru. Tulimwandikia barua ya kumuaga, na hiyo nayo tuliibishania kila sentensi. Mtoto wa ami yangu ndiye aliyeichukua kumpelekea, kwa ile baiskeli isiyo na breki.

Kila siku ya Mungu, hesabu ikisomwa, sisi tulikuwa njia ya minazini. Sikumlaumu mvulana yeyote, walikuwa watoto kama sisi, na wengine walitufundisha jioni walichoshika. Lakini hesabu hainakiliki. Unaweza kunakili jibu, njia iliyofika kwenye jibu inabaki kwa mwenyewe. Mwalimu mkuu alilijua hilo tangu zamani, ndiyo maana mwanzoni maji aliyaweka kwenye insha. Siku ile aliyahamishia pale alipojua vizuri kwamba tutaumia zaidi.

Mtihani ulipokuja, karatasi ya insha nilijaza kurasa nne, na msimamizi alinigusa bega kunikumbusha muda. Karatasi ya hesabu niliiangalia. Niliandika jina langu na namba yangu, nikafanya maswali ya kujumlisha, nikafanya ya kutoa, kisha nikaketi nikasikiliza kalamu za wavulana.

Matokeo yalisomwa mbele ya wazazi, uwanjani. Wavulana wanane walipata nafasi za kwenda mbele, na mtoto wa ami yangu alikuwa miongoni mwao, nami nilimpongeza kwa dhati. Msichana hakupata hata mmoja. Mwalimu mkuu alisimama, akawapa pole baba zetu kwa maneno mazuri, akasema tumejitahidi, Kiswahili chetu kimesifiwa mpaka Kwale. "Lakini ndivyo Mungu alivyowaumba," akasema. "Maneno wanayo mengi. Kichwa cha hesabu mtoto wa kike hana." Na baba zetu, watu wazima wenye kanzu zao, wakatikisa vichwa wakakubali. Mama yangu peke yake ndiye aliyenitazama.

Nimeisikia kauli ile maisha yangu yote, kwenye mabaraza, kwenye mikutano ya wazazi wa watoto wangu, juzi tu hapa Msambweni kutoka kwa kijana mwenye digrii. Sikuweza kuijibu siku ile uwanjani, kwa hiyo naijibu hapa. Kichwa tulikuwa nacho, sote kumi na mmoja. Saa ya hesabu kilikuwa na debe juu yake.